PAT TILLMAN: MLINZI ALIYEANGUKA KWA RISASI ZA WENZAKE

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge hana budi kupita Magara. Mkono wake wa kulia limetandaa Ziwa Tanganyika, lenye mitumbwi ya wavuvi wa mikeke na ndagala. Mkono wake wa kushoto imeinuka milima ambayo mahali pengine huisogelea barabara hata ikabaki njia nyembamba tu baina ya jiwe na maji. Askari au polisi aliyepata kulinda barabara ya namna hiyo wakati jua linapozama anayajua mambo mawili bila ya kufundishwa darasani. La kwanza, aliye chini barabarani hamtambui sawasawa aliye juu mlimani. La pili, mlio wa bunduki ukigonga mlima hurudi kutoka kila upande, hata mtu asijue risasi imetoka wapi.

Mbali sana na ziwa letu, katika mkoa wa Khost nchini Afghanistan, karibu na mpaka wa Pakistan, kuna kijiji kidogo ambacho jina lake lashabihiana na la Magara yetu: chaitwa Magarah. Vijiji hivi viwili havina undugu. Ni masikio tu yanayovikutanisha. Lakini ni katika kijiji hicho, tarehe 22 Aprili 2004, ndipo ilipoanza safari ya mwisho ya askari mmoja wa Marekani ambaye maisha yake na kifo chake vina mafundisho kwa kila mtu avaaye sare na kubeba silaha kwa niaba ya taifa lake. Askari huyo ni Patrick Daniel Tillman, ambaye dunia ilimjua kwa jina fupi la Pat Tillman.

UJANA WAKE

Pat Tillman alizaliwa tarehe 6 Novemba 1976 katika jimbo la California, akawa wa kwanza kati ya watoto watatu, wote wa kiume. Baba yake alikuwa mwanasheria. Familia iliishi New Almaden, mahali pa vilima na miti karibu na mji wa San Jose, na huko ndiko alikojifunza kupanda, kuruka na kukimbia. Mdogo wake aliyemfuata, Kevin, alikuwa mwenzake wa daima; wawili hao walicheza pamoja, na baadaye waliingia jeshini siku moja na kuvaa sare ya kikosi kimoja.

Hakuwa kijana mkubwa wa mwili. Katika mchezo alioupenda, wenye majitu ya kilo mia na hamsini, yeye aliishia kuwa na urefu wa sentimita 180 tu. Lakini alikuwa na moyo usiokubali kurudi nyuma, na katika Shule ya Sekondari ya Leland mjini San Jose alitokea kuwa mchezaji aliyetegemewa kupita wote.

Moyo huo huo ulimponza. Usiku mmoja wa mwaka 1993, alipokuwa na umri wa miaka 17, aliona vurugu nje ya mkahawa, akadhani rafiki yake anapigwa. Aliingia katika ugomvi bila ya kuuliza, akamkamata kijana mmoja akampiga vibaya mno hata akamvunja meno. Baadaye ilidhihirika kwamba kijana yule hakuwa na hatia yoyote. Tillman alishitakiwa, akahukumiwa kifungo cha siku 30 katika gereza la watoto, ambacho alikitumikia mwaka 1994. Alikikubali kifungo kile pasipo kulalamika, na aliwahi kueleza kwamba alijifunza zaidi kutokana na kosa lile kuliko kutokana na ushindi wowote. Ndugu msomaji alikumbuke tukio hili la kumpiga asiyestahili kwa haraka na kwa kudhani, maana mwisho wa habari hii utalirudia kwa namna ya kusikitisha.

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kuueleza kidogo mchezo huu, kwani si kandanda tunayoijua sisi. Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwa mpira uliochongoka kama yai, na mpira huo hubebwa na kurushwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa mguu. Uwanja una urefu wa yadi 100, yapata mita 91, bila ya kuhesabu maeneo mawili ya mwisho ya kufungia. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isonge mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huwa wa adui. Kila timu huwa na vikosi viwili mbalimbali, kimoja cha kushambulia na kimoja cha kulinda, na mtu wa kikosi kimoja aghalabu hachezi katika kingine.

Kazi ya kikosi cha ulinzi ni kuwaangusha chini wabebao mpira na kuwanyima nafasi. Mbele kabisa hukaa watu wazito ambao ni kama ukuta. Nyuma yao hukaa walinzi wa kati, wepesi zaidi. Nyuma ya wote husimama walinzi wa mwisho, ambao tungeweza kuwafananisha na beki wa mwisho wa kandanda: akipitwa huyo, hakuna mwingine. Lazima awe na macho ya kuuona uwanja mzima, akili ya kusoma nia ya adui, na ushujaa wa kumkabili mtu anayekuja mbio kwa nguvu zake zote. Hata sisi wa Afrika ya Mashariki tumepata mtu wetu katika ulinzi wa mchezo huo: Mathias Kiwanuka, mjukuu wa hayati Benedicto Kiwanuka aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliichezea timu ya New York Giants kwa miaka mingi kama mlinzi wa mstari wa mbele.

Tillman alikwenda katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona mwaka 1994. Chuo kilikuwa na nafasi chache za wachezaji wanaolipiwa masomo, naye alipata ya mwisho kabisa. Wakufunzi walitaka akae mwaka mzima bila ya kucheza ili akue mwili, kama ilivyo desturi. Yeye aliwajulisha kwamba ana mambo mengine ya kufanya katika maisha, na kwamba baada ya miaka minne ataondoka, wamchezeshe au wasimchezeshe. Wakamchezesha. Akiwa mlinzi wa kati mwenye jezi namba 42, aliisaidia timu yake kumaliza michezo yote ya kawaida ya mwaka 1996 bila ya kushindwa hata mmoja, na kufika katika pambano mashuhuri la Rose Bowl la tarehe 1 Januari 1997, ambapo walishindwa kwa shida na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kwa pointi 20 kwa 17. Mwaka 1997 alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo vya pwani ya magharibi ya Marekani.

Wala hakuwa mtu wa misuli peke yake. Alisomea biashara, akamaliza kwa miaka mitatu na nusu badala ya minne, tena kwa alama za juu sana. Usiku alipenda kupanda mnara wa taa za uwanja wa chuo, akakaa huko juu peke yake akitafakari. Alisoma vitabu vya historia na vya dini mbalimbali, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mfuasi wa dini yoyote, na alipenda kukaa na watu wa mawazo tofauti na yake ili wahojiane.

KAZI YA KULIPWA

Mwaka 1998 timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, Tillman alichaguliwa na Arizona Cardinals akiwa mtu wa 226. Walio wengi wachaguliwao mwishoni namna hiyo huachishwa kabla ya msimu kuanza. Wataalamu walimwona mfupi na mwepesi mno kuwa mlinzi wa kati, basi akahamishiwa nyuma kabisa, awe mlinzi wa mwisho. Alijifunza kazi hiyo upya, na katika msimu wake wa kwanza alianza michezo 10 kati ya 16. Wakati wachezaji wenzake walikuja mazoezini kwa magari ya fahari, yeye katika mwaka ule wa kwanza alikuja kwa baiskeli.

Mwaka 2000 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Kwa hesabu za timu yake aliwaangusha adui mara 224, ikawa rekodi ya klabu hiyo. Mwaka uliofuata timu ya St. Louis Rams, ambayo muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi, ilimwita kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 9. Alikataa. Sababu yake ilikuwa nyepesi: Arizona Cardinals ndio waliomwamini alipokuwa si kitu, naye hakuona vema kuwaacha kwa ajili ya fedha. Alibaki kwa malipo madogo kuliko hayo kwa mbali. Katika ulimwengu wa michezo ya kulipwa, ambamo mchezaji huuzwa na kununuliwa kama bidhaa, uamuzi huo uliwashangaza wengi.

KUTOKA UWANJANI HADI KAMBINI

Tarehe 11 Septemba 2001 Marekani ilishambuliwa kwa ndege zilizotekwa, na watu karibu 3,000 wakauawa. Mwezi uliofuata majeshi ya Marekani yaliingia Afghanistan. Tillman aliumaliza msimu wa mchezo kama mkataba wake ulivyomtaka, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kubadilika. Alianza kuona kwamba kazi yake, hata ikimpa sifa na mali, ilikuwa nyepesi mno ikilinganishwa na mzigo waliobeba wengine. Babu zake na jamaa zake walikuwa wamepigana katika vita vya zamani. Yeye hakuwa amefanya lolote la namna hiyo.

Mwezi Mei 2002 alimwoa Marie, mchumba wake tangu sekondari. Waliporudi kutoka fungate aliwajulisha wakuu wa timu kwamba anaingia jeshini pamoja na ndugu yake Kevin, ambaye naye aliacha mchezo wa besiboli wa kulipwa. Mezani aliacha mkataba mpya wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 3.6. Mshahara wa askari mpya ulikuwa yapata dola 18,000 kwa mwaka. Waandishi wa magazeti walimiminika kutaka mahojiano; hakumpa hata mmoja. Alitaka ahesabiwe kuwa askari kama askari wengine, asiwe bango la kuwavutia vijana.

Ndugu hao wawili walipita mafunzo ya msingi na mchujo wa Rangers, askari wa miguu wateule wa Marekani, wakapangwa katika batalioni ya pili huko Fort Lewis, jimbo la Washington. Mwaka 2003 walipelekwa Irak. Tillman hakukubaliana na vita vya Irak. Aliona havihusiani na yale aliyokuja kuyapigania. Hata hivyo alitimiza kazi yake yote pasipo kulegea. Aliporudi alimaliza shule ngumu ya Rangers mwezi Novemba 2003. Wakati huo timu ya futiboli iliulizia kama angeweza kuruhusiwa kuondoka jeshini mapema ili arudi uwanjani, na ilionekana kwamba mlango wa kutokea ungeweza kupatikana. Alikataa. Alikuwa ametia sahihi miaka mitatu, na ataitumikia yote mitatu.

Hapo pana jambo la kulitafakari. Kuingia jeshini siku ambayo kila mtu anapiga makofi si jambo gumu sana. Kubaki jeshini baada ya makofi kunyamaza, na baada ya mtu kuwa na shaka juu ya vita vyenyewe, kwa sababu tu alitoa ahadi, hilo ndilo linaloonyesha uzito wa mtu.

KUTOKA MAGARAH

Mwezi Aprili 2004 platuni ya Tillman ilifika Afghanistan, ikapewa kazi ya kupekua vijiji vya mkoa wa Khost. Tarehe 22, gari moja aina ya Humvee liliharibika lisiweze kutengenezwa, na platuni nzima ikakwama kwa saa kadhaa Magarah, ikitazamwa na wanakijiji. Luteni aliyeiongoza aliwasiliana na makao makuu. Kule makao, mbali na milima ile, ilikwisha kuamriwa kwamba askari wawe katika kijiji kilichofuata, Manah, kabla ya giza kuingia. Na gari bovu nalo lisiachwe. Luteni akaagizwa aigawe platuni sehemu mbili: moja iende Manah, nyingine ilivute gari bovu hadi barabara kuu. Alipinga. Alieleza hatari ya kuwagawa watu wachache katika milima ile, na kuwapitisha njiani mchana ambapo kila jicho linawaona. Hakusikilizwa. Askari hutii, naye akatii.

Sehemu ya kwanza, aliyokuwamo Pat, ikatangulia kupitia korongo jembamba lenye kuta za mawe pande zote mbili. Sehemu ya pili, aliyokuwamo Kevin, ilikuwa ipite njia nyingine pamoja na lori la kukodi lililovuta gari bovu. Lakini dereva mwenyeji akasema njia ile haipitiki kwa mzigo kama huo, basi nao wakageuka wakaingia katika korongo lile lile, nyuma ya wenzao. Kuta za mawe zilizuia simu za upepo. Wa mbele hawakupata habari kwamba wa nyuma wanakuja.

Sehemu ya pili ilipokuwa ndani ya korongo, milipuko ilisikika kutoka juu, nao wakaamini wamevamiwa. Walianza kufyatua risasi huku na huku, wakiongeza mwendo ili watoke. Wa mbele waliposikia walisimamisha magari, wakashuka, wakapanda mgongo wa kilima ili kuwasaidia wenzao. Miongoni mwa waliotangulia juu alikuwa Pat Tillman, pamoja na askari kijana wa Kimarekani na askari mmoja wa Kiafghanistan aliyekuwa upande wao. Huyo wa mwisho alianza kuwapigia maadui waliodhaniwa kuwa upande wa pili, risasi zake zikipita juu ya barabara.

Gari la kwanza la sehemu ya pili likatoka katika korongo. Waliokuwa ndani walimwona mtu mwenye sura ya wenyeji wa nchi ile, ana bunduki ya Kirusi, anafyatua. Kiongozi wao akampiga akamwua. Wengine walipoona kiongozi anapiga upande ule, nao wakaelekeza bunduki zote huko, hata bunduki za rashasha. Jua lilikuwa linazama. Tillman aliinua mikono akiwapungia, akapaza sauti kujitambulisha, akarusha bomu la moshi ili wajue kwamba ni wenzao. Risasi zikakoma kidogo; waliokuwa kilimani wakadhani wametambuliwa, wakainuka. Ndipo gari liliposogea na risasi zikaanza tena, kutoka umbali usiofika mita 100. Tillman alipigwa na risasi tatu katika paji la uso, akafa hapo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 27. Luteni yule yule aliyepinga kugawanywa kwa platuni alijeruhiwa, na mpokezi wake wa simu ya upepo pia.

Kevin, aliyekuwa katika gari la nyuma, hakuona lililotokea. Alipofika aliambiwa tu kwamba ndugu yake amekufa.

UWONGO ULIOFUATA

Mauaji ya wenzi kwa wenzi ni ya kale kama vita vyenyewe. Mwaka 1863, katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, jenerali mashuhuri Stonewall Jackson alipigwa risasi na askari wake mwenyewe waliomdhania kuwa adui gizani, akafa baada ya siku nane. Hakuna jeshi lililopata kuepukana kabisa na balaa hiyo. Lau hadithi ya Tillman ingeishia kilimani, ingekuwa msiba mkubwa, lakini usingekuwa na aibu. Aibu ililetwa na yale yaliyotendwa baadaye na watu waliokuwa mbali na risasi.

Waliokuwapo walijua ukweli mara moja. Uchunguzi wa kwanza ulianza kesho yake. Lakini sare ya marehemu, fulana yake ya kuzuia risasi na daftari lake la kumbukumbu vilichomwa moto. Askari kijana aliyekuwa kando yake aliamriwa asimweleze Kevin kitu. Tarehe 29 Aprili, Jenerali Stanley McChrystal aliandika ujumbe wa siri kwa wakuu wake kuwatahadharisha kwamba yaelekea Tillman aliuawa na risasi za wenzake, ili viongozi wa nchi wasije wakasema hadharani jambo litakalowafedhehesha. Na bado karibu na siku hizo hizo marehemu alitunukiwa Nishani ya Nyota ya Fedha kwa maandishi yaliyomfanya msomaji aamini kwamba aliuawa na adui. Maelezo ya mashahidi yaliyoambatishwa hayakuwa kama walivyoyatoa wenyewe. Alipandishwa cheo kuwa koplo. Tarehe 3 Mei ibada ya kumbukumbu yake ilifanyika San Jose, ikaonyeshwa kwa televisheni nchi nzima, na hadithi ya adui ikasomwa mbele ya mama yake, baba yake na mjane wake.

Wiki tano baada ya kifo ndipo familia ilipoambiwa, na tarehe 29 Mei 2004 jeshi likatangaza kwamba huenda aliuawa na wenzake. Mwezi ule habari za vita hazikuwa nzuri kwa Marekani: mapigano ya Falluja yalikuwa makali, na picha za wafungwa walioteswa katika gereza la Abu Ghraib zilikuwa zimeenea duniani. Watu wengi, na kwanza kabisa familia yenyewe, waliona kwamba shujaa aliyeuawa na adui alihitajiwa kuliko ukweli.

Mama yake, Mary Tillman, hakukubali kunyamaza. Alidai majalada, akayasoma maelfu ya kurasa, akalinganisha neno kwa neno, akaandika barua kwa wabunge na majenerali. Uchunguzi ulifuatwa na uchunguzi mwingine. Mwezi Machi 2007 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Ulinzi alitoa taarifa iliyowataja maofisa tisa, wanne kati yao majenerali, kuwa na makosa katika kushughulikia jambo hilo. Upelelezi wa makosa ya jinai uliamua kwamba mauaji yenyewe yalikuwa ajali. Mwezi Aprili mwaka ule Kevin na mama yake walisimama mbele ya kamati ya bunge, na Kevin akawaeleza wabunge kwamba familia ilidanganywa kwa makusudi. Mwezi Julai jenerali mmoja mstaafu, Philip Kensinger, alipewa karipio rasmi. Walioshika bunduki siku ile baadhi yao walikuwa wamekwisha kuadhibiwa kiofisi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

KUMBUKUMBU NA MAFUNDISHO

Wamarekani hawakumsahau. Jezi namba 40 aliyoivaa katika timu ya Arizona Cardinals na namba 42 ya chuo kikuu hazivaliwi tena na mtu mwingine. Mwaka 2010 aliingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa vyuo, na mwaka huo huo likafunguliwa daraja kubwa karibu na bwawa la Hoover lenye jina lake pamoja na la gavana wa zamani wa Nevada, Mike O'Callaghan. Taasisi iliyoanzishwa na jamaa na rafiki zake mwaka 2004 hulipia masomo ya askari, ya waliomaliza utumishi na ya wenzi wao wa ndoa. Kila mwezi wa Aprili maelfu ya watu hukimbia maili 4.2 mjini Tempe, Arizona, kwa heshima ya ile namba 42.

Lakini mnara ulio bora kwa mtu wa namna hii si wa chuma wala wa saruji. Ni kuyashika yale ambayo damu yake imeyaandika, nayo yatuhusu sisi sote tuliokabidhiwa silaha.

Kwanza, hakuna pigo lisilohitaji kutambua kwanza. Tillman akiwa kijana alimpiga asiye na hatia kwa kudhani. Alipokuwa mtu mzima alipigwa kwa kudhani. Kidole kilicho juu ya kifyatulio hakina haki ya kufuata kidole cha jirani. Kila askari lazima aone kwa macho yake mwenyewe na ajue nani aliye mbele yake, hasa jioni, na hasa milimani.

Pili, aliye ofisini amsikilize aliye njiani. Ramani haina vumbi, haina lori bovu, wala haina kuta za mawe zinazozuia simu. Luteni aliyekuwa Magarah aliona ambacho makao makuu hayakuona. Amri hutiiwa, ndiyo. Lakini aitoaye hubeba dhamana yake mpaka mwisho.

Tatu, taarifa ni silaha, na taarifa ya uwongo hulipuka mikononi mwa aliyeiandika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Kosa la kilimani lilidumu dakika chache na lilitendwa na vijana wenye hofu. Kosa la kalamu lilitendwa na watu wazima mezani, nalo liliendelea miaka. Mzazi aliyetoa mwana kwa taifa hadai mengi. Anadai jeneza, bendera na ukweli. Ukiondoa ukweli, bendera inageuka kitambaa.

Pat Tillman alikuwa mlinzi wa mwisho uwanjani, mtu wa kusimama nyuma ya wote ili wengine wasidhurike. Jioni ile aliukwea mgongo wa kilima kwa kazi hiyo hiyo: aliwasikia wenzake wakiwa taabuni, akawakimbilia. Hakujua kwamba hao aliokwenda kuwaokoa hawakuwa na habari zake. Nasi tunaopita Magara yetu jua likizama, mlima upande mmoja na ziwa upande wa pili, tunaposikia mlio kutoka juu, na tuulize kwanza: nani yuko pale?